Namba Arobaini na Moja

Nilikinunua Luthuli kwa mia tisa na hamsini,
kwa kijana aliyeapa kwa jina la mamake
kwamba betri hukaa saa nane.
Hukaa tatu. Tatu na nusu, baridi ikipungua.

Kinanda kidogo kuliko kiberiti.
Hakina kioo, hakina jina mgongoni,
kina vitufe vitatu, na cha kwenda mbele
hurudisha nyuma ukikibonyeza kwa pupa.
Sikio la kushoto lilikufa wiki ya pili.
Nikalizika kwa utepe mweusi, nikazoea:
upande mmoja muziki, upande mmoja mashine.

Maana mimi ni mtu wa zamu ya usiku,
kiwanda cha mikate, Barabara ya Enterprise.
Nakanda, napima, nasukuma trei,
na unga huingia kila mahali: nyusi, soksi,
hadi kwenye kitundu cha kuchaji
ninachokichokoa kwa pini ya nywele ya Gatwiri.
Gatwiri hukiita mke mwenza.
"Umelala naye tena sikioni," husema asubuhi,
akiuchomoa waya taratibu shingoni mwangu.

Kilikuja na nyimbo za mtu.
Nilizihesabu Jumapili moja stima ilipopotea:
taarabu mbili, benga tele,
kwaya iliyorekodiwa kupitia ukuta,
rumba iliyokatika pale gitaa linapoanza kusema.
Na namba arobaini na moja.

Namba arobaini na moja si wimbo.
Ni mwanamke. Anakohoa, anavuta kiti.
"Asante kwa nafasi hii. Naitwa Nyanchoka Ondari.
Nina uzoefu wa miaka mitatu katika..."
Anasita. Jogoo anawika. "Katika... ai!"
Anaanza upya. Mara saba anaanza upya.
Mara ya nne anacheka.
Mara ya sita mtoto anaomba uji
naye anamjibu kwa sauti ileile ya ofisini:
"Subiri kidogo, tafadhali."

Sijui atakuja lini.
Hunijia saa tisa usiku, kati ya benga na benga,
na mikono ikiwa ndani ya unga hadi viwikoni
siwezi kumruka. Namsikiliza mpaka mwisho.
Miaka mitatu katika nini, Nyanchoka?
Hata mara ya saba hulifikii neno lenyewe,
kinakatika. Nafasi ilijaa.

Fundi Mulwa, pale chini ya ngazi, alikifungua
kwa bisibisi nyembamba kama mwiba wa ngege.
Akapuliza. "Takataka nyingi humu. Nikifuta zote
kitakuwa chepesi, kitakaa hata saa tano."
Saa tano!
Nikawaza mashine, nikawaza usiku ulivyo mrefu.
Nikamwambia, funga tu.
Akanitazama kama mtu anayekataa chenji yake.

Juzi niliitwa juu, ofisi yenye zulia.
Zamu ya mchana ilikuwa na pengo moja.
Nilisimama na nyusi nyeupe,
maneno niliyoyapanga yakamwagika ngazini,
na mdomo wangu, wenyewe, bila kuniuliza:
"Asante kwa nafasi hii.
Nina uzoefu wa miaka mitatu katika..."

Nikasita palepale anaposita.
Meneja akainua macho.
Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, pii, pii, pii.

"Katika mikate," nikasema.
"Katika kungoja unga uumuke."

Bado hawajanijibu.
Leo usiku amekuja mapema, kabla ya trei ya kwanza,
na alipofika pale pake pa kukwama
nilimtajia, kwa sauti, hadi Wafula wa tanuri akageuka:
katika mikate, dada. Jaribu hilo.

Akakohoa. Akavuta kiti.
Akaanza upya.